Vyuma Vinne vya Daraja la Maziwa

Daraja la Maziwa, Leeuwarden
Jumatatu, 9 Mei 1938

Kaka Gosse,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua tangu tulipomzika Baba miaka mitatu iliyopita hatujaandikiana wala kusalimiana, ijapokuwa upepo ukitoka upande wako naisikia kengele ya daraja lako vizuri kabisa. Barua hii nimeitia ndani ya kiatu cha mti, kile tunachowashushia manahodha kwa ufito ili watie ushuru wao. Hylke wa tishari la viazi aliitazama, akasema, "Rinske, leo kiatu kinashuka na kitu badala ya kupanda nacho? Basi dunia imepinduka." Nikamwambia ashike usukani wake. Kwa kuwa mashua zote huingia mjini kwangu na kutoka kwako, na Hylke hushusha viazi kwenye gati la karibu nawe mpaka Ijumaa, utaipata leo hii hii. Jibu mpe Ijumaa akitoka, nami nitalipokea Jumatatu akiingia.

Bila shaka umepata waraka wa manispaa kama mimi. Mifereji miwili ya kuzunguka mtaa wa kale wanaona ni mingi. Daraja moja litabaki la kuinuka na litatiwa mota. La pili litagandishwa kwa saruji magari yapite. Kila mlinzi aandike historia ya daraja lake na kuipeleka kabla Juni haijaisha. Na mlinzi wa daraja litakalogandishwa atatoka kwenye nyumba ya daraja. Mimi nimezaliwa katika nyumba hii, Gosse. Wobbe wangu amefia humu. Sina kwingine.

Mhandisi alikuja juzi na madaftari ya zamani. Akaweka kidole kwenye tarehe 22 Juni 1912, kwa mwandiko wa Baba: "Daraja limeinuka lenyewe na kumwangusha mwuza maziwa. Sababu: boriti ya juu imeoza." Akaniambia, "Mama, daraja lenye tabia ya kujiinuka siwezi kulitia mota." Kwa mstari huo mmoja naona nimekwisha.

Siku ile mimi na wewe tulikuwa uwanjani kwenye mashindano ya mpira, kwa hiyo hatukuona kitu. Lakini Baba aliishi kwako miaka yake miwili ya mwisho. Je, alikusimulia lolote? Wewe ndiye uliyekuwa naye. Ulihakikisha hilo.

Ni mimi, mdogo wako,
Rinske

*

Daraja la Watawa
Ijumaa, 13 Mei 1938

Rinske,

Barua nimeipata, inanuka viazi. Umeniuliza habari za 1912 kabla ya kuniuliza habari za goti langu. Goti linauma, ahsante.

Baba hakunisimulia lolote. Imeandikwa boriti iliyooza, basi ilioza. Mimi nilikuwa uwanjani na wewe mwenyewe uliniona, nimesimama kwenye uzio kama mtu aliyesahauliwa. Wobbe wako alikuwa ndani anapiga mpira kwa kiganja, kwenye nafasi yangu. Ndiyo, yangu. Timu yetu ya watatu niliicheza miaka minne, kisha wakasema Wobbe ana mkono mzito kuliko wangu. Hukuona nilivyokuwa natazama, maana macho yako yote yalikuwa kwake.

Na miaka tisa baadaye Baba alipostaafu, akaiambia manispaa nini? Kwamba daraja la babu na baba apewe Wobbe, mkwe, mtu wa kuja. Mimi mwanawe wa pekee nikatafutiwa hili la Watawa. Unajua sakafu yake imefunikwa bati? Haifyonzi tone la mvua. Uzito wake ni ule ule masika na kiangazi, na sanduku la vyuma vya mizani halijafunguliwa tangu nihamie. Ni daraja la kumpa mtoto. Wewe umekaa miaka yote hiyo kwenye daraja la watu wazima, unaongeza chuma mvua ikinyesha na kupunguza jua likiwaka, na wapita njia wanasema, "Tazameni, damu ya mzee Sietse." Mimi ni damu ya nani?

Sasa kwa mara ya kwanza karata nzuri imenijia mimi. Usinitake nikusaidie kuichana.

Gosse

*

Daraja la Maziwa
Jumatatu, 16 Mei 1938

Kaka Gosse,

Kumbe kidonda bado kibichi. Wobbe yuko kaburini mwaka wa nane huu na bado unagombea naye mpira.

Pole kwa goti. Lifunge kabichi iliyopondwa, kama Mama alivyokuwa akifanya.

Nimeanza historia. Sikiliza, maana hakuna mwingine wa kunisahihisha: "Hapo zamani wafugaji walivusha maziwa kwa chelezo, na wakati wa barafu waliyaburuta. Mwaka 1741 mji ukajenga daraja la mbao la kuinua, kwa ombi la wake za wafugaji, kwa sababu waume walikuwa wakichelewa kurudi na kusingizia chelezo. Mwaka 1795 askari wa kigeni walichoma reli zake kupata moto wa supu. Mwaka 1854 likajengwa upya, na mlinzi wa kwanza wa daraja jipya alikuwa Gosse Hoekstra, aliyejifunza kwamba ubao wa daraja hunywa maji. Ukilowa, sakafu inakuwa nzito na haiinuki. Hapo mlinzi hutia vyuma kwenye sanduku la nyuma ili mizani ikae. Ukikauka, hutoa vyuma, la sivyo nyuma inazidi mbele. Kazi yote ya daraja hili ni kujua leo limekunywa kiasi gani."

Umeona, babu mwenye jina lako yumo. Sikukufuta.

Umesema karata nzuri haijawahi kukujia. Hebu nikukumbushe. Mwaka 1933 ulikuja na mkokoteni ukasema ngazi zangu ni kali mno kwa mzee na nyumba yako haina ngazi. Ukamchukua, pamoja na kiti chake na kiko chake. Mimi nikabaki na daraja la kuinua mara ishirini kwa siku, siwezi kuondoka hata nusu saa. Nilipopata nafasi ya kuja Jumapili nilikuta mmekaa wawili mnacheka, nikiingia mnanyamaza. Nilikuwa nakunywa kahawa yenu na roho inaniuma. Miaka miwili ya vicheko, Gosse, nami sijui hata kimoja kilihusu nini. Alipofariki ukaniita Alhamisi, amekwisha kuoshwa. Nikakuuliza alinitaja? Ukajibu, "Alilala tu. Hakumtaja mtu." Hiyo ndiyo sababu sikukusalimia mlangoni mwa kanisa, kama ulikuwa hujui. Nilikuonea wivu wewe na nilimkasirikia yeye, na maiti hagombwi.

Rinske

*

Daraja la Watawa
Ijumaa, 20 Mei 1938

Mdogo wangu,

Vicheko vilihusu nahodha mmoja aliyenasa mlingoti kwenye dirisha la kasisi. Sasa unacho kimoja.

Mhandisi alikuja kwangu, akanywa kahawa vikombe viwili na kula mkate wa sukari. Alikanyaga sakafu akasema, "Hapa hakuna historia, na hilo ndilo ninalolipenda." Ukweli ni kwamba historia yangu haijafika nusu ukurasa. Daraja lilijengwa 1870, walipita watawa, watawa wakaondoka. Nimeongeza habari ya bata aliyeatamia kwenye ngazi. Lakini inaelekea watachagua langu. Mota itawekwa pale palipo na pipa la mvua, na nyumba itapigwa rangi.

Nimejaribu kukuonea huruma na nimeweza kidogo tu. Kila siku nasikia mashua inakupigia honi kabla ya kunipigia mimi. Kwako wanafika na habari mpya, kwangu wanapita wamekwisha kusema yote. Hata umbea napata makombo yako.

Kabichi imesaidia.

Gosse

*

Daraja la Maziwa
Jumatatu, 6 Juni 1938

Kaka Gosse,

Kuna jambo nimegundua na sijalala vizuri tangu Alhamisi.

Unakumbuka ile boriti ya juu iliyotolewa baada ya ajali? Baba hakuitupa. Aliifanya kizingiti cha banda la makaa, na miaka yote nimepita chini yake nikiinamisha kichwa. Alhamisi nilichukua msumari mrefu na nyundo nikaipiga mahali kumi na pawili. Msumari ulipinda. Nikamwita seremala wa jirani, akaigonga kwa vidole akacheka: "Mwaloni huu umeoza? Mama, huu utatuzika sisi sote."

Basi Baba aliandika uongo. Nimefikiri ni kwa nini, na jibu ni moja. Mwezi ule mvua ilinyesha wiki tatu, kisha jua likawaka siku tano mfululizo. Mwenyewe alitufundisha: sakafu ikikauka, toa vyuma. Hakuvitoa. Na komeo la kuishika sakafu hakulitia. Antje mwuza maziwa akafika ukingoni na kigari chake, nyuma ikazidi mbele, sakafu ikapanda naye. Antje maskini akachechemea mpaka kufa kwake, na baba yetu akasingizia mti.

Nitaliandika hivyo kwenye historia: "Mlinzi Sietse Hoekstra alisahau vyuma vinne. Daraja halikuwa na kosa." Naona aibu, lakini marehemu hana haja ya nyumba, mimi ninayo. Na nikwambie kitu kibaya: kuna sehemu ndogo ndani yangu inayofurahi. Kama hakunitaja kwenye kifo chake, basi nami nitamtaja kwa kosa lake. Sijui nimekuwaje.

Rinske

*

Daraja la Watawa
Ijumaa, 10 Juni 1938

Rinske,

Usiandike hivyo. Tafadhali sana.

Gosse

*

Daraja la Maziwa
Jumatatu, 13 Juni 1938

Kaka,

Umeandika mistari miwili. Wewe uliyejaza ukurasa kwa ajili ya bata.

Nipe sababu. "Tafadhali" hainilazi popote mvua ikinyesha. Kama unaogopa jina la ukoo, litachafuka la mzee mmoja aliyechoka, na watu watasahau kabla ya viazi vipya. Au unaogopa kwamba daraja langu likisafishwa, lako litakosa mota? Hilo naliamini zaidi. Umeishi na Baba, umemzika, na hata kosa lake unataka ulihodhi lisinifae.

Historia nimekwisha kuinakili kwa wino. Tarehe 28 naipeleka. Hylke amekataa kusubiri, anasema tunamfanya tarishi bila mshahara.

Rinske

*

Daraja la Watawa
Ijumaa, 17 Juni 1938

Mdogo wangu Rinske,

Nimemwambia Hylke kwamba barua hii ikilowa nitamwekea daraja chini mpaka Krismasi. Isome ukiwa umekaa, na mashua yoyote ikipiga honi iache ipige.

Baba hakusahau vyuma. Siku ile Baba alikuwa kitandani, mgongo ulimkaza tangu alfajiri hata kugeuka hawezi. Wewe ulikuwa umekwisha kutoka na akina Wobbe kwenda uwanjani, hukujua. Akaniita akasema, "Gosse, leo daraja ni lako. Limekauka. Toa vinne kabla ya saa nne." Nikaitikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniambia ni langu.

Saa nne kasorobo nilisikia watu wakishangilia upande wa uwanjani. Nikajua ni Wobbe. Nilijiambia nitakwenda kutazama mpira mmoja tu, nione akikosea. Hiyo ndiyo shida yangu yote, nilitaka kumwona akikosea. Tishari lilikuwa limepita punde tu. Nilishusha sakafu, komeo sikutia, vyuma sikutoa, nikakimbia. Wobbe hakukosea hata mpira mmoja. Nikabaki kwenye uzio nikingoja akosee, na ndipo uliponiona.

Niliporudi, Baba alikuwa amesimama darajani na nguo za kulalia, amelowa mpaka shingoni. Alikuwa ameshuka ngazi kwa mgongo ule na kumtoa Antje majini peke yake. Hakunipiga. Aliandika daftari mbele yangu, akafunga, akasema, "Kijana mwenye kosa kama hili hapewi kazi na mji popote. Mti hauna haja ya kazi." Alimlaghai fundi wa wakati ule abadilishe boriti nzima. Na Baba akawa anampelekea Antje makaa kila majira ya baridi mpaka Antje alipokufa. Wewe ulidhani ni huruma yake tu.

Kwa hiyo alipompa Wobbe daraja, nilijua sababu. Nilijua, na bado niliwaonea wivu miaka kumi na saba. Aliniombea la bati ili nisije nikamwangusha mtu tena. Alinipenda kwa hofu, na wewe alikupenda bila hofu. Nilichoka kuliona hilo.

Nitamwandikia mhandisi kwa jina langu. Futa jina la Baba.

Kuna lingine. Ningeweza kulinyamazia nawe usijue kamwe, lakini nikishaanza kutapika sitabakiza. Baba hakulala tu. Alikuwa na fahamu zake Jumanne nzima na Jumatano mpaka jioni. Alikuwa anakutaja. Alisema, "Mwite Rinske." Nikamwambia, "Anakuja, Baba, ana mashua nyingi." Akasema, "Ndiyo, leo Jumanne, mashua nyingi." Ni hatua mia nane kutoka mlangoni kwangu mpaka kwako, na sikumtuma mtu. Nilitaka siku mbili. Nilijiambia Rinske amekuwa naye maisha yote, mimi naomba siku mbili tu awe wangu. Na siku zote mbili alikuwa akizungumza habari zako.

Kaka yako,
Gosse

*

Daraja la Watawa
Ijumaa, 1 Julai 1938

Rinske,

Hylke amepita kwangu mara nne na mkono mtupu. Leo amesema, "Dada yako haongei. Anashusha kiatu, anapandisha, hata hali ya hewa hataki." Sikuombi unijibu. Nakuarifu tu.

Barua yangu nilimpa mhandisi mkononi. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Bwana Hoekstra, unajua ukinipa hii unanipa daraja lako?" Nikamwambia najua. Akauliza kwa nini sikunyamaza, maana imepita miaka ishirini na sita. Nikamwambia kwamba daraja lile halina kosa, wala baba yangu hakuwa na kosa. Aliiweka mfukoni na hakunywa kahawa.

Jumatano walikuja wapima na kamba zao kupima saruji. Nimepewa mpaka mwisho wa Agosti. Kuna chumba Harlingen kwa mjane mmoja anayepangisha. Haruhusu kiko.

Gosse

*

Daraja la Maziwa
Jumatatu, 18 Julai 1938

Gosse,

Waraka umefika. Linabaki langu. Mota italetwa masika, na mhandisi amesema sanduku la vyuma litaachwa kwa sababu mota nayo lazima ijue daraja limekunywa kiasi gani. Nilitegemea ningefurahi. Nilikaa ngazini nikalia mpaka nahodha mmoja akauliza kama bei ya ushuru imepanda.

Nimeiandika historia upya. Mstari wa 1912 unasema: "Kijana wa mlinzi aliacha zamu yake. Mlinzi akaingia majini." Sikuandika jina lako, mhandisi analo, inatosha. Ile ya vyuma nilikusamehe siku ile ile niliposoma, kabla kahawa haijapoa. Ulikuwa na miaka ishirini na minne na kijicho, na mimi kijicho nakijua, tumezaliwa nacho nyumba moja.

Zile siku mbili sijakusamehe. Nimejaribu wiki nne. Nikiinua daraja naziwaza, nikilishusha naziwaza. Nilikuwa hapa, Gosse. Jumanne ile nilikuwa natia mafuta minyororo, sina hata mashua moja, kulikuwa na ukungu. Nilikuwa napiga mluzi.

Huendi Harlingen. Nani amekwambia nitakubali ukakae kwa mjane wa watu na siku zangu mbili kichwani mwako? Nimesafisha chumba cha chini, kile cha kutazama mfereji tulichokuwa tukiwekea kamba na mafuta. Hakina ngazi, kwa ajili ya goti. Kiko ruhusa. Hylke atakuja na tishari tupu Jumamosi kubeba vitu vyako, nimekwisha kusema naye, na amesema anaifanya kwa furaha kwa sababu amechoka na barua zetu.

Usije na maua wala maneno ya kuomba radhi, sina pa kuyaweka. Utakaa jikoni, nami nitakaa mbele yako, na utanisimulia kila alichosema, neno kwa neno, hata kama ni maji aliomba, hata kama alikohoa. Anza na Jumanne asubuhi.

Rinske